Posa ya Skuta

Yamumbi, Eldoret
3 Juni 2024

Kwa kaka yangu Wachira,

Habari za Ol Kalou? Natumaini baridi ya huko haijawamaliza na kwamba Betty bado anakuvumilia. Sisi huku tuko salama. Janice wangu amepata kazi ya kufundisha Ainabkoi, na kila wikendi anakuja kunifulia nguo na kunigombeza. Mvua ni nzuri. Mahindi ya majirani yamefika magotini, yangu yamefika kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu aliyepaswa kuyapalilia alikuwa amelazwa na chuma kwenye paja.

Unajua kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia. Tangu mama atuache, kila nikikupigia jambo zito nikapandisha sauti kidogo, unasema network imepotea. Karatasi haina network. Irungu atakuletea hii akirudi na lori lake la viazi, lile lile lililobeba skuta yangu.

Naomba skuta yangu, Wachira.

Sina hasira. Nataka tu kukukumbusha mambo yalivyokwenda, maana nasikia huko kwenu hadithi imeshakuwa nyingine. Mwezi wa pili nilikuwa natoka kupandisha ng'ombe wa Mama Priscah kule Kapseret. Kwenye kona ya kuingia lami, pikapu iliyobeba vyombo vya bibi harusi ikaangusha godoro. Godoro, Wachira, la futi sita! Likanipiga kifuani nikatoka kwenye skuta, na uone bahati yangu, nikaanguka kando ya godoro. Paja likavunjika, kichwa kikagonga lami, nikapoteza fahamu siku mbili.

Siku mbili tu! Na jioni ya kwanza wewe ulikuwa umeshaunda kamati ya mazishi. Nilipofungua macho mlikuwa mmeagiza tenti na kugawana nani atapika na nani atasoma wasifu wangu. Mkasema mmefurahi, mkaomba, mkaimba, halafu mkakataa kuvunja kamati eti haijamaliza ajenda. Jambo la kwanza mlilofanya baada ya mimi kufufuka ni kuikamata skuta na kuipandisha kwa lori nikiwa bado kitandani. Kama mnatafuta mkosaji, godoro mmeliacha huru kwa nini?

Mimi nahudumia ng'ombe. Nabeba mbegu za fahali kwenye mtungi wa baridi, na ng'ombe akiingia joto asubuhi, jioni niwe nimemfikia. Nikichelewa, mwenye ng'ombe atangoja wiki tatu nyingine akinilaani. Bodaboda hawataki kuubeba mtungi. Wakiona ule moshi wa baridi wanaruka kando. "Mama, hiyo kitu italipuka, shuka tafadhali."

Daktari amesema mguu umeshika. Nataka kupanda tena. Mpe Irungu skuta, na usimpe maelezo.

Mdogo wako,
Warigia


Ol Kalou
19 Juni 2024

Dada mpendwa Warigia,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na kalamu nyekundu. Unisamehe, ualimu mkuu hautoki mtu kwa kustaafu tu. Hatujambo hapa. Betty ana mafua. Viazi vimepata baridi kali lakini vitapona. Mpongeze Janice, na umwambie asiwe rafiki wa wanafunzi kabla ya muhula wake wa pili.

Kuhusu ombi lako. Kamati ilikaa Jumapili baada ya ibada, mimi nikiwa kwenye kiti. Ombi lilisomwa, likajadiliwa kwa utulivu, likakataliwa. Naomba usilichukue vibaya. Kamati hii iliundwa ili kukuzika kwa heshima, na wajumbe hawaoni vipi wanaweza wao wenyewe kukukabidhi chombo cha kuharakisha kazi hiyo. Watu watasema tulikuwa na haraka.

Swali lako kuhusu godoro lilijadiliwa pia. Godoro halikupatikana. Walioona wanasema liliokotwa kabla wewe hujaokotwa.

Skuta iko salama. Nimeifunika turubai kwenye ghala la viazi, ufunguo uko mfukoni mwangu, na hakuna mkono unaoigusa. Nilitaka kukujibu mapema lakini kalamu iliisha wino. Leo asubuhi nikashuka Ol Kalou mjini kununua nyingine, na nimerudi kabla chai ya Betty haijachemka.

Nakushauri ufungue duka. Uuze unga na sabuni, ukae chini, watu wakufuate wao.

Kaka yako mkubwa,
Wachira (Mwenyekiti)


Yamumbi
8 Julai 2024

Kwa Mwenyekiti wa mazishi yangu,

Nakusalimu mimi marehemu. Huku hatujambo. Janice ameshakuwa rafiki wa wanafunzi na wanampanda kichwani, kwa hiyo ulisema kweli na sitakuambia tena. Naweza sasa kutembea hadi kanisani bila mkongojo, ingawa nikifika wimbo wa kufungua umeshaimbwa.

Kwa vile mmeninyima skuta, wiki iliyopita nilikodi mkokoteni wa punda. Mzee Bethwel wa Kapseret ana Friesian mmoja anayempenda kuliko watu wa nyumbani kwake. Alinipigia asubuhi na mapema: ng'ombe yuko tayari. Nikafunga mtungi kwenye mkokoteni, nikakaa juu ya gunia, tukaondoka. Sikujua kwamba punda huyo ana marafiki. Kila tulipokutana na punda mwingine alisimama kuongea. Mwenye punda akasema tusimkatize, akikasirika analala chini, na kweli alilala.

Tulipofika Kapseret, ng'ombe alikuwa ametulia anacheua, hana habari na mtu. Mzee Bethwel aliniangalia nikishushwa kwenye gunia.

"Daktari, sasa umekuja kuona nini? Hiyo mambo imeisha."

"Pole, Mzee."

"Na ile skuta yako iko wapi?"

"Imezuiliwa na kamati ya mazishi."

"Mazishi ya nani?"

"Yangu."

Alikaa juu ya ndoo. Nilimwonea huruma.

Kaka, hii si michezo. Watu wa Kapseret wamenivumilia kwa sababu wananijua, lakini kuna kijana wa kutoka mjini ameshaanza kuzunguka huko na pikipiki na mtungi mpya. Nikikosa ng'ombe mwezi huu na mwezi ujao, hawatanipigia tena. Halafu nitakaa nyumbani kweli, na hapo ndipo mtanizika.

Swali dogo. Kutoka kwako hadi Ol Kalou mjini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, magoti yako ni mabovu, na bodaboda hupandi kwa kuwa ulisema wote ni wanafunzi uliowafukuza. Ulirudije kabla chai haijachemka?

Warigia


Ol Kalou
30 Agosti 2024

Dada mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa na kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu bega la kulia lilitoka mahali pake. Limerudishwa. Nilianguka kutoka kitandani. Ni kile kitanda cha zamani, kile kirefu. Betty anakusalimu, ingawa kwa sasa mimi naye hatuongei sana.

Swali lako la chai: nilitembea haraka.

Kamati haijabadilisha msimamo. Wajumbe wamesikitika sana kuhusu punda.

Nina swali, na nauliza kwa udadisi tu. Kuna jirani ana chombo kinachofanana na chako. Kikipanda mlima kinakohoa halafu kinazima. Je, ni plagi au ni mafuta machafu? Na tena, mtu akifinya breki ya nyuma yote kwa mara moja kwenye matope, ni kawaida chombo kugeuka na kutazama kilikotoka?

Jirani angependa kujua mapema.

Wachira


Yamumbi
12 Septemba 2024

Kaka,

Pole kwa kitanda. Sisi tuko wazima. Mahindi yangu yameiva mafupi hivyo hivyo, na Janice ameanza kuwa mkali darasani, ananifanyia mazoezi mimi.

Mwambie jirani yako asafishe plagi na aache kununua mafuta ya chupa barabarani. Kwenye matope asifinye breki ghafla. Aachilie mafuta kwanza, afinye kidogo kidogo, na aangalie anakotaka kwenda, asiangalie shimo, maana ukiliangalia shimo utaingia. Jirani huyo ana umri gani? Amevaa helmeti au kofia ya kanisani?

Sasa sikiliza, nakupa taarifa mapema ili usije ukasema hukuandaliwa. Mzee Bethwel aliita wafugaji wa Kapseret pale wanapopeleka maziwa asubuhi. Walijadili ng'ombe walionikosa, na hali ikawa mbaya kidogo. Mmoja akasema waandike barua kwa kamati yenu. Mzee Bethwel akakataa.

"Huyo ni mwalimu. Mwalimu ukimwandikia barua atakusahihisha tu. Lakini mtu akikuja kwako na posa, lazima umpe kiti. Hata sisi ni hivyo. Hata kama humtaki, utampa kiti na chai."

Kwa hiyo wanakuja kuiposa skuta. Watafika tarehe tano Oktoba, wazee na akina mama, kwa adabu zote. Nilidhani ni mzaha mpaka nikaona Mama Priscah anaponda mkaa wa kusafishia kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuganda. Mimi mwenyewe nimeambiwa nibaki nyumbani, kwa sababu nitapandisha sauti na kuharibu mazungumzo.

Wapokee vizuri, Wachira. Nakuomba kwa moyo wangu wote. Watu wenye kazi zao wamekubali kuacha ng'ombe siku nzima kwa ajili yangu.

Warigia


Ol Kalou
9 Oktoba 2024

Dada mpendwa Warigia,

Salamu kutoka kwetu sote. Bega limepona. Betty ameanza kuongea nami, hasa kunieleza makosa yangu. Mmoja wa wajukuu ameota jino.

Wageni wako walifika. Ningeweza kuwafungia nje kama wangekuja na fujo, lakini walikuja wamevaa makoti na kofia, akina mama na vibuyu, wakasimama langoni wakiimba. Ningefanya nini? Nilivaa tai. Betty na wanawake wa kamati walilishika lango kama inavyotakiwa, wakakataa kufungua mpaka wageni wakaomba vizuri. Nadhani walikataa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu walikuwa wanafurahia nyimbo.

Tulipokaa, Mzee Bethwel alisimama.

"Tumesikia hapa kuna kitu mzuri imekaa ndani bure. Hailimi, haibebi, haiendi mahali. Sisi huko kwetu tuko na kazi yake."

Mimi kama baba wa nyumba nilijibu kwamba hatuna haraka ya kuitoa, bado ni changa, na tungependa kwanza imalize masomo. Kamati ilinipigia makofi. Mzee Bethwel akasema wataiendeleza na masomo huko huko. Tukaomba mbuzi. Wakasema mbuzi si tatizo, tatizo ni ng'ombe wanaolia. Tukaomba blanketi za wazee, zikatolewa kwenye pikapu, tayari zimekunjwa. Nakiri kwamba walijipanga kuliko sisi.

Ikabaki sehemu ya kumtambua bibi harusi. Unajua kwetu hatolewi hovyo. Hufichwa katikati ya wasichana waliofunikwa leso, na bwana harusi akichagua vibaya anatozwa. Basi ghalani tulipanga wilibaro, cherehani ya Betty, baiskeli yangu ya zamani, skuta na jenereta ya kanisa. Zote zikafunikwa leso hadi chini, na maboksi tukayaweka kwa ndani ili umbo lisijulikane. Ilikuwa kazi safi. Mimi mwenyewe nisingeweza kutambua.

Mzee Bethwel alipita polepole akiweka kiganja juu ya kila leso, kama mtu anayepima mimba ya ng'ombe. Kwenye ya nne alisimama. Akaweka mkono wa pili. Akaniangalia mimi, halafu akaangalia leso, halafu akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye viazi.

"Ni hii."

Sielewi alichoona cha kuchekesha. Alibahatisha. Lakini desturi ni desturi, na kamati haina nguvu juu yake. Tuliwapa nyama na irio, wakatupa maziwa yao yenye majivu, ambayo Betty alimaliza peke yake. Skuta itakuja na Irungu wiki hii. Ikiteswa huko, irudi nyumbani, mlango uko wazi.

Wachira


Yamumbi
20 Oktoba 2024

Kaka yangu mpendwa, bwana wa udadisi,

Skuta imefika. Huku kulikuwa na vigelegele utadhani nimeolewa upya. Mama Priscah ameifunga ua kwenye usukani. Janice anakusalimu, na anauliza kama na wewe unataka kufundishwa kuachilia mafuta kwenye kona, maana kicheko kimemmaliza.

Mzee Bethwel hakubahatisha. Anasema alipita leso ya kwanza, ikawa baridi. Ya pili baridi, ya tatu baridi. Ya nne ilikuwa ya moto, Wachira. Asubuhi ya posa ulikuwa umempeleka bibi harusi wapi?

Nimeikagua yote. Kioo cha kushoto ni kipya. Nyuma kuna mkwaruzo mrefu unaofanana na kitanda kirefu. Kwenye kiti mmefunga kile kimto cha sebuleni kwenu chenye maua ya zambarau. Na chini ya kiti nimekuta miwani yako ya kusomea na kitabu cha nyimbo.

Kitabu cha nyimbo! Kwa hiyo ulikuwa unaenda nayo kanisani. Na kamati hukaa baada ya ibada. Ulienda kwenye kikao cha kuninyima skuta ukiwa juu ya skuta, na wajumbe wote wakakuona ukiegesha, na hakuna aliyesema neno. Nimecheka, halafu nikakasirika, halafu nikacheka tena. Bado sijaamua nitabaki wapi.

Miwani nakurudishia na barua hii. Kimto nitabaki nacho, ni kizuri.

Kuhusu kupanda, huku kuna mvua za mwisho na matope ni mengi. Kuna pia mambo ya hapa na pale. Nitakueleza siku nyingine, Irungu anapiga honi.

Warigia


Ol Kalou
11 Novemba 2024

Warigia,

Sisi ni wazima. Sitakuandikia habari za viazi leo.

Sikatai, nimeipanda. Nataka ujue kwa nini. Zile siku mbili ulipokuwa huongei, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wako. Unanijua, wasifu naandika upesi. Niliandika ulikozaliwa, shule, marehemu mumeo, Janice, kazi ya ng'ombe. Nikafika mahali pa kuandika "Warigia alipenda" na kalamu ikasimama. Nilichojua ni kwamba unapenda hiyo skuta, na sikujua ni kwa nini. Nilikaa pale mezani hadi taa ikaanza kufifia. Nilikuwa nakuzika bila kukujua, na wewe ni mdogo wangu niliyekubeba mgongoni. Niliogopa sana, Warigia. Sijawahi kuogopa hivyo.

Basi ilipoletwa na lori niliiwasha tu ili niitoe kwenye mvua. Kesho yake nikaifikisha langoni. Halafu nikasema niifikishe kwenye kisima. Nina miaka sitini na minane, na sikuwa nimewahi kupigwa na upepo uso mzima bila kuutafuta. Unashuka kile kilima cha kwetu asubuhi, ukungu uko chini yako, na hakuna mtu anayekuuliza kitu. Nililia kidogo ndani ya helmeti. Nilidhani ni vumbi.

Nilipoanguka kwenye dimbwi la jirani na bega likatoka, Betty alisema sasa basi. Bega liliporudi nilipanda tena. Niliimba wimbo mzima wa ibada kabla ya kuachilia breki, lakini nilipanda. Kamati ilinipa ruhusa kwa sababu mimi sina kamati ya mazishi.

Sasa nikuulize jambo, na sikuulizi kama mwenyekiti. Irungu alipita Kapseret wiki jana. Anasema alikuona kwenye ile kona ukiisukuma skuta kwa miguu, helmeti kichwani, mtungi umefungwa nyuma. Akasimama akidhani imeharibika. Anasema haikuwa imeharibika, ilikuwa inanguruma, na wewe ukamwambia aende zake.

Una nini?

Wachira


Yamumbi
4 Januari 2025

Wachira,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Betty na kwa mwenye jino. Samahani nimekaa na barua yako karibu miezi miwili. Janice alikuwa hapa Krismasi yote, na nilimwambia nimeshakujibu. Nilianza mara nyingi nikachana.

Niliogopa, kaka. Hilo ndilo jibu, na ona lilivyo fupi.

Siku ya kwanza niliwasha vizuri, nikapita Yamumbi nikipungia watu mkono kama mheshimiwa. Nikafika kwenye ile kona. Kulikuwa na pikapu inakuja, tena tupu, haina hata kuku. Mikono ikafa. Nilishuka, nikaishika skuta pembeni nikaisukuma kama ng'ombe anayepelekwa kuogeshwa, mpaka kona ikaisha. Halafu nikapanda tena na kuendelea na kazi. Kurudi, vile vile. Kesho, vile vile.

Watu walizoea. Bodaboda wakiniona kwenye kona wanapunguza mwendo na kuvua kofia, utadhani wamekutana na maiti. Mzee Bethwel siku moja alinikuta pale, akashika usukani upande wa pili, tukasukuma pamoja, yeye akiongea habari za nyasi za Boma Rhodes mpaka mwisho. Hakuniuliza kitu. Nilitamani ardhi inimeze. Hawa watu waliivalia skuta makoti na kofia, wakaiimbia langoni, na mimi naisukuma. Na wewe nilikuwa nimekupigia kelele tangu Juni. Ningekuambiaje kwamba nimeshindwa na kona? Ungesema nifungue duka, na safari hii ningekubali.

Juzi Mama Priscah alinipigia. Ng'ombe wake alikuwa kwenye joto tangu jana yake, yeye alikuwa matangani na hakuna aliyemwona. Jioni ingekuwa tumechelewa. Nikafunga mtungi nikaondoka. Njiani nilikuwa nakugombeza kichwani kama kawaida. Nilikuwa nakujibu ile sehemu ya wasifu, kwamba mtu gani anashindwa kujua dada yake anapenda nini, na kwamba nikifa kweli andika hivi: Warigia alipenda kuitwa. Alipenda simu ikilia na mtu anamhitaji yeye, na yeye anaweza kwenda saa hiyo hiyo bila kuomba mtu ruhusa. Nikaona ni sentensi nzuri. Nikaanza kuifupisha, maana najua utaisahihisha.

Nikafika. Nikavaa glovu ndefu, nikaingiza mkono, nikatafuta mahali pake. Ng'ombe katulia. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sikushuka. Nilijaribu kukumbuka kona na sikuikumbuka. Kama kulikuwa na pikapu sikuiona. Nilipita, Wachira. Nilipita kama watu wanavyopita.

Nilianza kulia nikashindwa kujizuia. Mkono wa kushoto uko ndani ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko, wa kulia umeshika mrija wa mbegu, sina hata wa kufutia machozi. Yakawa yanaanguka tu kwenye mgongo wa ng'ombe. Mama Priscah aliona akaja mbio.

"Daktari! Ng'ombe iko na nini? Sema tu, niambie!"

Nikamwambia ng'ombe yuko sawa kabisa. Ni mimi.

Dada yako,
Warigia